Kura Kwanza

Mjukuu wangu wa kike huchora vitabu vya katuni, na hadithi anatunga mwenyewe. Mchana yuko Bungoma kwa chumba chake cha kompyuta, anatengeneza kadi za harusi na programu za mazishi. Hiyo ndiyo inamlisha. Lakini ukimuuliza kazi yake, atakwambia katuni. Mimi nikiulizwa kanisani nasema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Siku moja alikuja kwangu Kitale amenuna. Alikuwa amepata mtu wa kuchapisha kitabu chake cha kwanza. Ndani kuna nyanya ambaye mwizi ameingia jikoni kwake. Nyanya anaona mwizi alivyokonda, anamwambia, "Kaa chini, mwanangu. Kura kwanza."

Mwizi anaruka. "Kura? Mama, mimi ni mwizi, si mwanasiasa!"

Nilicheka nikashika mbavu. Sisi tuliozaliwa Bungoma, l na r hatuzibagui. Itakayotangulia mdomoni ndiyo inatoka.

"Usicheke, Kukhu," akasema, maana nyanya kwetu huitwa hivyo. "Mwenye kuchapisha anataka nyanya aongee Kiswahili sanifu. Ati watu watasema nakudharau. Nikikataa, naogopa atakataa kuchapisha kitabu changu."

"Kwani huyo nyanya ni mimi?"

Akaangalia chini. "Ni wewe."

Shule niliacha mapema, nasoma kwa kidole. Nikamwambia anionyeshe kile alichorekebisha. Nikasoma polepole: "Tafadhali keti, ule kwanza." Mwizi anajibu: "Asante sana."

Nikamrudishia.

"Huyu mama ni nani, msoma habari wa redio? Na huyo mwizi ameokoka saa ngapi? Pigia huyo mtu simu."

"Kukhu, si unipe muda nifikirie—"

"Piga!"

Akapiga, akaweka simu mezani ili wote tusikie. Yule mtu akaanza kutueleza mambo ya heshima kwa wazee. Nikamkatiza.

"Kijana, huyo mzee ni mimi. Wewe umekura?"

Nikamsikia akizuia kicheko, kikamshinda.

"Bado, mama," akasema. "Uchaguzi haujafika."

Alipopata pumzi akamwambia mjukuu wangu, "Basi. Nitumie ile ya kwanza, vile ilivyokuwa."

Msichana alisukuma vikombe pembeni, akafungua kompyuta yake, akaanza kufuta yale maneno mazuri mazuri, moja moja, akitabasamu peke yake.