Mbwa wa Marehemu Agoma Kula

Mgahawa wenyewe uko Bugolobi, hapa Kampala, na mlangoni wamebandika picha ya unyayo wa mbwa, kuonyesha kwamba wanyama wanakaribishwa. Niliitazama picha ile bila kuhisi lolote. Ilikuwa wiki ya kwanza tangu nitoke eda, na kwa miezi minne na siku kumi nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia kifuani. Waliokuja msibani walinisifia subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nimekaa tu, kama gunia lililoegemezwa ukutani.

Mkononi nilishika mnyororo, na mwisho wa mnyororo alikuwa mbwa wa mume wangu. Marehemu alikuwa polisi wa kitengo cha mbwa, na yeye na mnyama wake walistaafu pamoja. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zamani. Nyumbani tunasema Kinubi, sokoni Kiganda, na Kiswahili kilikuwa cha kambini. Mume wangu alinisemesha mimi Kinubi na mbwa Kiswahili, na ukweli ni kwamba mbwa alipata maneno mengi kuliko mimi.

Sikuwahi kumgusa mbwa yule. Mate ya mbwa ni najisi, na mimi naupenda udhu wangu. Hata jina lake sikulitamka. Nilisema "mbwa wako", basi. Shangazi zangu waliniambia ukipenda boga, penda na ua lake. Boga nililipenda. Ua lilikuwa linabweka alfajiri.

Sasa nyumba yetu ya kupanga huko Kasubi nilikuwa nairudisha kwa mwenyewe, nahamia kwa dada yangu Old Kampala, karibu na msikiti. Dada alisema mimi karibu, mbwa hapana. Majirani hawakumtaka mbwa mzee asiyesikia Kiganda. Ndipo nikaelekezwa kwa mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge, mwenye nyumba yenye ua hapo Bugolobi. Yeye ndiye aliyesema tukutane tule chakula cha mchana, apate kumtazama mbwa vizuri. Akimkataa, ilibaki sindano ya kifo ya daktari wa mifugo. Dada alikwisha kuulizia.

Nilimkuta ameshakaa, mnene, mcheshi, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Kwenye meza ya jirani kulikuwa na kijibwa cheupe kimepandishwa kitini, kina sahani yake, kinalishwa kuku kwa uma. Nilikiangalia nikaona dunia imeniacha mbali sana, na hilo halikuniuma.

"Nyabo, mbwa yako tunamuretea maji?" mhudumu akaniuliza, akiniita bibi kwa Kiganda.

"Si wangu," nikasema. "Lakini mletee."

Mbavu za mbuzi zikaja, na ndizi gonja za kuchoma, na kachumbari. Nilikula. Siku zile nilikuwa nakula kama mtu anayejaza fomu.

"Mama, huyu mbwa anakulaka nini?" yule Mkongomani akauliza.

"Chochote. Ila hali mpaka aambiwe. Walimfundisha hivyo, asije akatiliwa sumu."

"Anaambiwa nini?"

"Kula. Neno ndilo hilo."

Akachukua ubavu wenye nyama nzuri, akauweka chini mbele ya pua ya mbwa. "Kula," akamwambia. Mbwa hakuuangalia. Akarudia, kwa upole, kisha kwa ukali. Mate yalikuwa yanamdondoka mbwa sakafuni, lakini kichwa hakukishusha. Watu wa kijibwa cheupe wakageuka kututazama.

"Kula," nikasema, nikiwa na gonja mdomoni, wala sikumwangalia. Mfupa ukavunjika chini ya meza kabla sijameza.

Mkongomani akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kumbe ni wako."

"Nimekwambia ni wa marehemu."

"Marehemu ana miezi ine chini ya udongo, mama. Mbwa hakufa na njaa. Nani alikuwa anamupatia chakula?"

Kila asubuhi na kila magharibi, katika eda yangu yote, nilikuwa nikisukuma bakuli kwa mpini wa ufagio na kusema lile neno nikiwa nimesimama mbali. Siku nyingine lilikuwa neno pekee nililolisema tangu kuamka. Nilidhani nachunga mali ya mtu.

"Mimi namupenda," akasema. "Lakini mbwa asiyekula kwangu atanifia. Asipokula hapa, simuchukui."

Basi ikabidi nikumbuke. Mume wangu alinihadithia jinsi alivyokabidhiwa mbwa huyu na askari aliyekuwa naye kabla yake. Mikono miwili inashika nyama moja, neno linasemwa kwa sauti mbili, mara ya pili vivyo hivyo, kisha bwana wa kwanza anaondoa mkono wake, wa pili anasema peke yake. Nilipokuwa nasikiliza hadithi ile nilikuwa nakunja nguo, nikamwambia apunguze kelele.

Nikamweleza yule mama. Tukashika kipande cha nyama pamoja, mkono wake juu ya wangu, tukakishusha chini ya meza.

"Kula," tukasema.

Ulimi wa mbwa ulikuwa wa moto. Alichukua nyama taratibu, akanilamba vidole kimoja kimoja, na mimi sikuutoa mkono. Tukampa cha pili. Cha tatu nikauondoa mkono wangu. Mbwa akaniangalia mimi, si nyama. Niligeuza uso nikatazama jiko, mahali walipokuwa wanapepea makaa.

"Kula," yule mama akasema peke yake. Kisha nikasikia mbwa anatafuna.

"Amekula," akanong'ona. "Mama, enda unawe mikono. Usirudi kumuaga, atakufuata. Ukitoka hautatukuta."

Nikampa mnyororo. Nikamwomba mhudumu udongo kidogo, kwa sababu palipolambwa na mbwa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Alinishangaa, lakini akachota kiganja kimoja kwenye chungu cha maua akanifuata nao mpaka kwenye beseni la kunawia.

Ya kwanza nikasugua kwa udongo. Ya pili, ya tatu, maji matupu. Nje nikasikia mnyororo unaburutwa kwenye changarawe, mlango wa gari ukafungwa. Ya nne. Ya tano. Ya sita nilikuwa naosha polepole, na kifua, kilichokuwa ganzi miezi yote ile, kikaanza kuniuma. Ya saba ikapita. Sheria ilikuwa imetimia na mkono wangu ulikuwa safi, ningeweza kuswali nao saa ile ile. Sikufunga bomba. Niliosha ya nane na ya tisa, nikaendelea mpaka hesabu ikanipotea, kwa kuwa nilijua nikifunga bomba nitatoka, na nikitoka sina wa kumwambia kula.

Mhudumu alikuwa bado amesimama nyuma yangu, mikono yake ina udongo.

"Nyabo, umeumia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimeumia."