Riwaya Niliyokwenda Nayo kwa Mazishi ya Ombati

Naona aibu kusimulia mambo haya, lakini Gesima nzima inayajua tayari, basi afadhali myasikie kwa mwenye kosa kuliko sokoni Ikonge ambako yameongezwa chumvi.

Jirani yangu Ombati alifariki. Tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya mpaka wa mashamba yetu ya chai (alisema nimeusogeza, na nakiri, niliusogeza), lakini kwetu usipofika kwenye mazishi ya jirani utaulizwa kama si wewe uliyemuua. Tena nilijua binti yangu Kemunto atakuwepo, ambaye hakuwa amenipigia hata simu tangu tumzike mama yake, na nilitamani tu anisalimie. Sasa hotuba za mazishi yetu nazijua, kila shemeji huanzia kwa Adamu, kwa hiyo nikaficha riwaya niliyoazima ndani ya kile kitabu cha picha za marehemu wanachogawa langoni, nikaketi nyuma.

Kosa lilikuwa hapo. Riwaya yenyewe ilihusu fundi cherehani kiwete aliyehamia mji wa watu wasiomtaka, mlevi na mwongo kidogo (nilimpenda mara moja), ambaye wiki aliyomzika mkewe alishinda baiskeli kwenye bahati nasibu. Akaisukuma mpaka nyumbani, akafungua mlango, akakumbuka kwamba hana wa kumwonyesha. Hapo machozi yakanitoka, kisha kamasi, kisha sauti.

Emsii akamkatiza shemeji. "Jamani, jirani analia kuliko wafiwa. Mpeni maiki."

Nilisimama kidole kikiwa bado kwenye ukurasa, kichwa kitupu, nikasema kilichokuwa karibu: kwamba marehemu alikuwa na kasoro zake, watu hawakumwelewa, na siku aliyoshinda baiskeli hakuwa na wa kumwonyesha.

Mjane akainua uso. "Ombati alishinda baiskeli? Lini? Na aliipeleka kwa nani?"

Hema zima likacheka, riwaya ikaniponyoka. Aliyeiokota ni Kemunto. Akasoma jalada, akaniangalia.

"Tata, unalilia mtu wa kitabuni? Mama ulimzika macho makavu, kama mtu anayepanda mahindi."

Ningejitetea (nimezoea kujitetea), lakini siku hiyo sikupata uongo wa kutosha. Nikamwambia, "Ng'ombe alipozaa mapacha nilikimbia jikoni kumwambia mama yako. Nilikuwa nimeshaita jina lake. Nikakuta jiko baridi. Mpaka leo sijamwambia mtu."

Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu. Walisikia wote, hata wapishi kule nyuma ya nyumba, na hakuna aliyecheka tena. Emsii alikohoa, akaitisha wimbo. Kemunto akaondoka na riwaya bila kuniaga.

Basi mimi na vitabu mazishini, hapana tena. Na ule mpaka nimeurudisha mahali pake, mjane mwenyewe akishika kamba.

Jumapili iliyofuata Kemunto alikuja, macho yamevimba, akaweka riwaya mezani (nikamwomba asinisimulie mwisho, sikuwa nimemaliza). Alivaa gambuti za mama yake ambazo sikuwahi kuziondoa mlangoni, akaniambia, "Haya Tata, nionyeshe hao ndama."