Yule Mama wa Ukutani

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliamini kwamba masikio ndiyo yanayotufelisha. Kwa hiyo Ijumaa mchana alikuja na laptopu na projekta, tukaziba madirisha kwa mashuka ya wenzetu wa bweni, na ukuta wa darasa ukawa sinema. Filamu ikiisha, kila mmoja alisimama kueleza kwa Kiingereza alivyojisikia. Darasa zima tulikuwa na neno moja tu la huzuni, tukawa tunapokezana kama kata ya maji shambani.

Mimi nilikuwa mgeni pale, na mgeni mwenye hasira. Tope lilikuwa limeshuka kutoka mlimani alfajiri likaifuta nyumba yetu ya Jorodom, mama akiwa ndani. Mimi nilikuwa likizo Gitting kwa bibi, mama yake mama. Watu walichimba siku nyingi. Wengine walipatikana, mama hakupatikana. Nikabaki kwa bibi, nikahamishiwa shule ya huko.

Kwa mila za bibi, aliyefiwa hachangamani na watu mpaka msiba ufungwe. Haendi harusini, hakatizi shamba la mtu, hali chungu kimoja na majirani. Kinachofunga msiba ni wembe: ndugu wananyolewa, pombe inanywewa, watu wanarudi kwenye kazi zao. Bibi alikataa wembe.

"Nimnyolee nani?" aliwauliza wajomba zangu. "Nionyesheni kaburi."

Walibishana naye mpaka wakachoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakasema, wakachukua fimbo zao wakaondoka. Nywele za bibi zikaendelea kuota chini ya kitambaa, na sisi wawili tukaendelea kuishi pembeni ya watu.

Halafu shule ikaninyoa. Wasichana wote walinyolewa, ndiyo sheria, na mwenye mkasi hakuuliza nani amefiwa na nani. Nilipofika nyumbani bibi aliuachia mwiko chunguni.

"Nani amekunyoa?"

"Shule, bibi."

"Shule imemwona mama yako?"

Tangu siku hiyo nilivaa kofia ya sufu, hata ndani. Baridi ya Gitting ilinisitiri. Yeye alijifanya haoni, mimi nikajifanya nina nywele.

Filamu iliyoniharibu ilikuwa ya mama mmoja aliyeugua akafa. Jeneza lilifungwa, likashushwa, na binti yake mdogo akabaki amesimama kwenye mvua. Darasa lililia. Hata wavulana wa kutoka Getanuwas, wanaojisifu kwamba fisi hawawatishi, walijifuta pua kwa mikono ya sweta. Mimi sikutoa chozi. Nilikuwa nawaka. Zamu yangu ilipofika nilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti, kwamba yule mtoto ana bahati, ana kaburi. Mwalimu hakunikosoa. Alizima mashine, akatuambia tutoke.

Baadaye akaleta nyingine, ya kuchekesha. Mlango wa gari ukafunguka, akashuka yuleyule mama, mzima, anacheka. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama.

"Ni yeye! Hakufa!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaeleza taratibu kwamba yule ni mwigizaji, kufa ni kazi yake. Kwani sikujua? Nilijua sana. Lakini moyo ulikuwa umeshanitoka mbio, na kuurudisha kulikuwa kugumu.

Jioni tulipokuwa tunapukuchua mahindi nikamsimulia bibi, nikijicheka mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Lile sanduku, walilifungua watu wakamwona?"

"Hapana, bibi."

"Ehee," akasema, akaacha kupukuchua.

Jumatatu yake alikuja shuleni. Nilimwona kwa mbali akiuzunguka upande wote wa mashamba kwa barabara kubwa, kwa sababu hakuruhusiwa kukatiza. Alisimama nje ya ofisi ya walimu, hakuingia.

"Shikamoo bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona yule mama aliyerudi."

Mwalimu alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Angeweza kumfundisha mambo ya waigizaji. Badala yake alisubiri wenzangu waondoke, akaziba madirisha mwenyewe, akamwekea bibi benchi la nyuma, peke yake kama alivyotaka.

Alimwonyesha zote mbili. Nilijaribu kutafsiri, bibi akaniinulia kiganja ninyamaze. Kwenye ya kwanza alilia bila sauti. Kwenye ya pili aliinama mbele, mikono magotini, akimfuata yule mama kila anakokwenda: anakula, anacheza muziki, ananunua viatu. Ukuta ukawa mweupe.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, bibi," mwalimu akasema.

"Hakumuulizia mtoto."

Akaunyooshea kidole ukuta mweupe.

"Amekula, amecheza, amenunua viatu. Mtoto wake tumemwacha kule kwenye mvua, na hajamuulizia hata mara moja. Huyu si yule. Yule amekufa."

Akaniita kwa mkono. Nilipofika akanivua kofia mbele ya mwalimu, akanishika kichwa kilichonyolewa.

"Mama yako angekuwa hai, angekuwa ameshakuja kukuulizia."

Hapo ndipo nilipolia, nikalia vibaya, na nilimchukia bibi kwa muda ule wote wa kulia. Nilitaka aendelee kukataa. Miezi yote ile nilidhani ninamvumilia mzee aliyeshindwa kukubali, kumbe nilikuwa nimejibanza nyuma ya nywele zake. Zilipokuwa zinaota, mama alikuwa bado yuko njiani.

Pombe ilipoiva, wajomba wakaja. Bibi alinyolewa wa kwanza, uani, na nywele zake nyeupe zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Zamu yangu ilipofika, shangazi yake mama aliyeshika wembe alinipapasa kichwa akasita. Shule ilikuwa imetunyoa tena wiki ileile.

"Huyu ameshanyolewa," akasema. "Hapa hakuna kitu."

"Mnyoe," bibi akasema. "Ile ilikuwa ya shule."

Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa.