Gari la Umeme la Mama

Kaka yangu alipopiga simu kutoka kisiwani anakofanya kazi, akasema ametutumia gari, nilimuuliza kwanza kama tumbo lake liko juu kutoka ardhini. Alicheka. Akasema si gari la kubeba maharagwe, ni gari la Mama, la umeme, halina moshi wala kelele.

"Kaka, umeme tutatoa wapi?"

"Mutaweka tu ku prizi, sawa telefone."

"Prizi ya wapi? Huku Bihambwe?"

"Si muko na pano ya jua?"

Pano yetu, kile kibao cha sola juu ya paa, ilikuwa inawasha taa tatu na kuchaji simu, na siku za ukungu hata taa zenyewe zilikuwa za kubembeleza. Nilimweleza hayo yote. Nimeendesha malori miaka kumi na moja, kutoka Sake mpaka ndani kabisa ya Walikale, nikipeleka chumvi na sabuni. Njia zile nazijua kwa mgongo wangu. Lakini yeye ndiye mkubwa, na yuko kwenye nchi ndogo ambayo mtu anaizunguka kwa asubuhi moja, lami kila mahali, watu wakiacha magari ya esanse, yaani ya petroli, na kununua ya umeme. Hakunisikia.

Gari lilifika Goma ndani ya kontena. Lilikuwa dogo, jeupe, zuri kweli. Sitadanganya: nilipobonyeza kitufe likaanza kwenda bila sauti, nilitabasamu peke yangu mpaka Sake. Hapo lami iliisha. Kwenye mlima wa juu ya Sake tumbo la gari lilisugua mawe, na kipimo cha betri kilishuka kila nilipokitazama. Nilifika nyumbani kimebaki alama moja.

Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na utando, alilipapasa gari lote kwa viganja, taratibu, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Mutoto wangu alinikumbuka," alisema.

Nikatoa waya wa kuchajia.

Kazi ya kulilisha ilikuwa yangu. Mahali pekee palipokuwa na umeme wa kutosha ni kanisani, kwenye jenereta ya kuwashia vipaza sauti vya kwaya. Ilinguruma siku mbili nzima, ikizimika kila mara kwa kuzidiwa. Esanse yake niliifuata Sake kwa pikipiki, ndani ya bidoni la plastiki. Papa mmoja, mzee mlinzi wa kanisa, alinitazama nikimimina, akatikisa kichwa.

"Gari yako inakunywa esanse kwa mudomo ya mashine yetu," alisema. "Na bado munasema iko ya umeme!"

Nilitaka kulipiga teke, lakini Mama alikuwa amekaa ndani, akisubiri.

Tukasikia daktari wa macho atakuja Sake siku moja tu, Alhamisi. Nilitaka tupande pikipiki. Mama alikataa.

"Kaka yako alileta gari juu yangu, ikuwe yangu. Nitaenda na gari."

Tulitoka asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na kabla ya mteremko wa Sake kuna kilima kimoja kifupi chenye tope zito. Magurudumu yalizunguka bure, yakimaliza betri, mpaka taa nyekundu ikawaka, kisha gari likafa pale pale katikati ya njia. Nyuma yetu lori la makaa lilianza kupiga honi. Dereva wake alishuka.

"Weka esanse, tupite!"

"Haiko na fasi ya kuweka esanse."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wanaume wanane walilinyanyua, wakaliweka kando ya shamba la mihogo. Nikasimamisha pikipiki ya abiria, Mama akakaa katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Tulifika hospitali tumelowa tope hadi magotini.

"Mama, pole," alisema mlinzi wa geti. "Dokta ameshaenda."

Mama alijipangusa uso kwa kitenge. "Usiambie kaka yako," aliniambia.

Nilimwambia. Nilimpigia hapo hapo getini, nikapaza sauti mbele ya watu: gari yake imemkosesha Mama daktari, na yeye akae huko kwenye lami yake akiendesha vizuri.

"Mimi sijaiendesha hata siku moja," alisema Kaka.

Lilikuwa gari la bosi wake. Kwa miaka minne alikuwa analiosha kila asubuhi. Bosi aliponunua jipya, kaka aliomba lile la zamani. Yeye mwenyewe huenda kazini kwa basi.

"Nilitaka Mama akae fasi nilikuwa napanguza," alisema.

Ningependa kusema hasira iliisha. Haikuisha, nilikosa tu wa kumgombeza.

Gari lilikokotwa hadi Goma. Liko kwa binamu yetu, analichomeka nyumbani umeme ukiwepo, linapeleka watoto shule. Daktari alirudi baada ya miezi mitano. Mama alienda kwa pikipiki, akapasuliwa jicho la kulia, sasa anachagua maharagwe mwenyewe. La kushoto walisema ugonjwa umekwisha kwenda mbali, tulipaswa kumleta mapema.

Kaka akipiga simu namwambia jicho limepona, na anafurahi sana. La pili hajauliza, nami sijasema.