Tundu Juu ya Jiko la Bibi Malsun

Krismasi ikishapita, Nari alianza kuogopa.

Kabla ya hapo kilima cha Seokbawi kilikuwa kama gulio. Wafanyakazi wa benki, wanakwaya, wanafunzi waliovaa fulana za rangi moja juu ya makoti, wote walijipanga kwenye ngazi wakipokezana madonge ya makaa, mkono kwa mkono, hadi milangoni kwa wazee. Walicheka, wakapakana masizi puani, wakapigana picha, wakashuka. Mwaka mpya ukiingia huwaoni tena, na hapo ndipo baridi inapoanza kuuma kwelikweli.

Nari ndiye aliyekuwa akiwatafuta watu hao. Hakuna aliyemlipa. Mwaka aliojifungua Danbi, mumewe alikuwa safarini na lori, makaa yakamwishia mtoto akiwa mchanga, na watu asiowajua wakamletea mgongoni mpaka ndani. Tangu siku ile alikuwa akisikia tu upepo unavuma, anafikiria nani pale juu jiko lake limezimika. Chama cha kuwagawia wazee makaa kikampa simu na majina, akawa anapiga huku akinyonyesha.

Jumamosi hiyo ya Januari alipiga mpaka sikio likapata moto. Mmoja alisingizia mgongo, mwingine mtihani.

"Desemba tutakuja, dada," kijana mmoja alimwambia kwa upole. "Usitutoe tu kwenye kundi la simu."

Aliyekuja ni Sebin peke yake, msichana wa sekondari, mwembamba, mwenye kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi. Desemba alikuwa amekuja na darasa lake, kwa sababu shule iliwataka wajitolee.

Nari akamtazama kama mtu aliyeokota yai barabarani, hajui alishikeje. "Mdogo wangu, si mlishamaliza saa zenu za kujitolea?"

"Tulimaliza, dada."

"Sasa?"

Sebin akakwaruza theluji kwa ncha ya kiatu. "Yule Bibi wa nyumba ya mwisho alinicheka. Alinipa kiazi cha kuchoma, akasema, 'Kula, wa picha wewe, maana hatuonani tena.' Nikamwambia nitarudi. Akasema wote husema hivyo."

Nari akacheka. Huyo alikuwa Bibi Malsun, hakuna mwingine. Ulimi wa Bibi Malsun ulikuwa na pilipili ya kutosha mtungi mzima wa kimchi, ile kabichi kali ya kuchachusha.

"Basi twende tukamfunge mdomo. Amerudi jana tu. Tangu ile wiki mliyokuja alikuwa kwa mdogo wake huko kusini. Nyumba ilikuwa barafu tupu, nikamwashia jiko mwenyewe jioni."

Walijitwika makaa kwenye vibebeo vya mgongoni. Nari alimfunga Danbi kifuani kwa blanketi, makaa nyuma, mtoto mbele. Ngazi zilikuwa zimeganda. Walipanda kwa kushika ukuta, na Sebin, aliyeanza kuzoea, akawa anapiga soga.

"Dada, jana Bibi hakusema nyumba imekuwa na joto? Ile nailoni ya vipovu tuliyombandikia madirishani, timu yetu ndiyo ilikuwa bora. Mwalimu alisema."

"Niliiona. Mlifanya kazi nzuri."

"Na kule jikoni nilifanya mimi peke yangu. Kulikuwa na tundu juu ya jiko, upepo unaingia kama kisu. Nikaliziba. Utepe wa gundi wote niliumalizia pale."

Nari akasimama.

Tundu lile lilitobolewa kwa makusudi, ili hewa ya makaa ipate pa kutokea. Hewa hiyo haibishi hodi. Inamkuta mtu usingizini, na asubuhi anakutwa hapumui, ana mashavu mekundu kama aliyetoka kuoga. Na jioni ya jana yeye Nari alichuchumaa mbele ya jiko hilo, akapuliza, akafunga mlango vizuri ili baridi isiingie. Hakuinua macho.

"Dada?"

"Tua makaa," Nari akasema, akitua yake. "Tua. Kimbia."

Hazikuwa ngazi za kukimbia. Aliteleza akaangukia goti, mikono yote miwili ikimkumbatia Danbi, akainuka. Mtoto akaanza kulia. Nyuma yake Sebin alikuwa akiuliza, "Nimefanya nini? Dada, nimefanya nini?" Nari hakuwa na pumzi ya kumjibu, wala hakutaka.

Bomba la Bibi Malsun lilikuwa likitoa moshi mwembamba. Viatu vyake vya mpira vilikuwa kizingitini, ncha zimeelekea nje.

"Bibi! Bibi Malsun!"

Kimya. Bibi ambaye hata paka akipita humtukana.

Nari alisukuma mlango wa chumba. Umefungwa kwa ndani. Akalegeza blanketi, na hapo mikono ikagoma. Ndani kulikuwa na Bibi na hewa ile. Nje kulikuwa na Danbi, na wa kumshika ni mtoto mwenzake tu. Kwa kitambo alichokuja kukiogopa baadaye kuliko vyote, Nari alitamani kugeuka na kushuka kilima na mwanawe kifuani.

"Mshike," akasema. "Piga simu ya zimamoto. Kaa kule kwenye ukuta, usisogee hapa hata nikikuita. Umesikia? Hata nikikuita."

"Dada, naogopa."

"Hata mimi."

Alichukua koleo la makaa, akavunja kioo cha dirisha la jikoni, akachana nailoni, akaingiza mkono na kufungua mlango uliokuwa kando yake. Akavuta pumzi ya nje, akaibana. Ndani kulikuwa na joto zuri, la kubembeleza. Hilo joto ndilo lililomtia hofu zaidi. Akasukuma mlango wa kutoka jikoni kuingia chumbani. Bibi Malsun alikuwa amelala upande kwenye godoro, mdomo wazi. Nari akashika godoro kwa pembe zake, akavuta. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Alifungua komeo la mlango wa nje, akatoa kichwa, akavuta pumzi, akarudi, akavuta tena, mpaka Bibi na godoro lake wakawa kwenye theluji.

Hakuna kitu. Nari akampiga mashavu, akamwita kwa jina kavu, bila ubibi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu mzima. Kule ukutani Danbi alilia, na Sebin alikuwa akimwimbia kwa sauti iliyokatikakatika.

Kisha Bibi Malsun akatapika.

Akatapika tena, akafumbua jicho moja. "Kichwa," akasema. "Nipe maji ya figili." Ndiyo dawa waliyopewa watu wa umri wake walipovuta hewa ya makaa, maji baridi ya figili ya mtungini. Nari akacheka na kulia kwa pamoja. Jicho lile likasafiri mpaka ukutani. "Yule si wa picha?"

Zimamoto walimshusha kwa machela ya mkononi, kwa kuwa gari halifiki. Hospitali wakamlaza.

Sebin alimrudisha Danbi. Uso wake ulikuwa mweupe. "Ningemuua," akasema, akashuka ngazi kwa kukalia matako kama mtoto mdogo.

Jioni Mwenyekiti Pyo, mzee mpole aliyekuwa akikiongoza chama, alimpigia Nari. "Mama Danbi, tumshukuru Mungu, na yaishie hapo. Ukiwaambia vijana kwamba makaa yanaua, nani atakuja?"

"Na nisipowaambia, Mwenyekiti?"

Lakini hata Nari mwenyewe aliogopa. Akilini alimwona kila mmoja kwenye kundi akijitoa, na kilima kikibaki kitupu. Hata hivyo aliandika yote, pamoja na habari ya yeye kutoinua macho, akatuma kwenye kundi. Watu kadhaa walijitoa usiku uleule. Sebin hakujibu. Nari hakuthubutu kumpigia.

Jumamosi iliyofuata alikuta watu wachache chini ya ngazi, wawili kati yao asiowajua. Nyuma yao ilikuwa ile kofia ya sufu.

"Sibebi makaa," Sebin alisema kabla ya salamu. "Nataka kushika matundu tu."

Akapita nyumba kwa nyumba, akivua glavu na kuweka kiganja kwenye tundu la juu ya kila jiko mpaka kikawa chekundu kwa baridi. "Upepo upo," alisema kila mara, na kila mara Nari alishusha pumzi.

Kwenye nyumba ya mwisho Bibi Malsun alikuwa amerudi kutoka hospitali juzi. Sebin aliinua mkono agonge, mkono ukabaki hewani. Nari alisimama hatua moja nyuma, akisikiliza. Moshi mwembamba. Viatu kizingitini. Kimya.

"Nani huyo anayehema mlangoni kwangu?" sauti ikatoka ndani. "Ingia, viazi vinaungua!"