Unga wa Bi Hamira

Kule kwenye kiwanda cha mikate walimwita Bi Hamira, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mumewe akalisahau lile alilomwoa nalo. Halikutokana na mikate tu. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akiingia mahali watu wamenuna, punde utawasikia wanacheka na kushika mbavu. Tangu usichana wake alikuwa akioka katika jengo refu lenye madirisha ya juu, ambamo unga ulielea kutwa nzima ukakosa pa kutokea. Alirudi nyumbani nyusi nyeupe. Mumewe, fundi redio mwenye kibanda mtaa wa pili, humpangusa uso kwa kitambaa kilekile anachofutia redio za watu, naye humwambia, "Taratibu, Fundi. Mimi sina vifungo vya kuzungusha."

Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa maneno, mzaha, na chai ya jioni wakiwa wamekaa mlangoni.

Siku moja akaacha kazi. Alimwambia mumewe kwamba amechoka, miguu imemgomea. Fundi akaamini, mtu aliyesimama mbele ya tanuri miaka yote ile ana haki ya kuchoka. Wenzake wa kiwandani nao wakaamini, wakachanga wakamnunulia zawadi ya kumuaga: mashine ya kukandia ya mezani, yenye bakuli la chuma na kichwa kinachoinuka, na pamoja nayo kinu kidogo cha kusagia nafaka, cha kuchomeka mbele ya kile kichwa. Aliyesoma risala alisema, "Tumekupa kiwanda kizima ukae nacho jikoni." Makofi yakapigwa. Bi Hamira alilia, na kila aliyekuwepo akadhani anajua kwa nini.

Kasha la zawadi lilikaa chini ya kitanda. Fundi aliuliza mara moja, akajibiwa kwamba hakuna haraka. Wiki zikapita, na mke aliyekuwa akiamka na wimbo mdomoni akawa anaamka kimya, anafagia palipokwisha kufagiliwa, anakunja nguo zilizokunjwa. Basi asubuhi moja Fundi alirudi nyumbani kufuata koleo lake, akasikia muungurumo jikoni. Kichwa cha mashine kilikuwa kinatetemeka, kinu kimechomekwa, na Bi Hamira anamimina ngano kwa kiganja kwenye mdomo wa kinu, kidogo kidogo, kama anayelisha mtoto. Chini ya mashine alikuwa ameweka kitambaa kibichi kilichokunjwa, maana bila hicho ilikuwa inatembea yenyewe mpaka ukingoni mwa meza.

"Njoo ushike," alisema.

Fundi akaingiza mkono bakulini. Unga ulikuwa wa vuguvugu.

"Unausikia? Wa dukani umeshapoa zamani. Huu ndiyo kwanza unazaliwa."

Tangu siku hiyo nyumba ikarudi kuwa nyumba. Alisaga kila asubuhi, mara ya kwanza chenga, kisha anakaza kinu na kurudia mpaka uwe laini. Kati ya mzunguko na mzunguko aliipumzisha mashine, kwa kuwa kinu kilishika moto. Leo ngano, kesho anachanganya na mtama, mradi ajaribu. Mikate ikawa inavuka ukuta kwenda kwa jirani yao, mshona nguo, na kwa jirani wa jirani. Fundi alinenepa. Wateja wakamtania kwamba tumbo lake linapokea stesheni zote.

Ndipo kikohozi kilipoanza. Bi Hamira alisema ni vumbi la barabarani. Halafu akasema ni baridi. Fundi alikuwa na sikio la kazi yake, sikio linalotambua waya uliolegea kabla hajafungua kifuniko, na kwenye pumzi za mkewe alisikia mluzi mwembamba, kama wa redio iliyokwama kati ya stesheni mbili. Alimwambia aende hospitali. "Nitakwenda," alijibiwa, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Katikati ya hayo mashine ikafa. Ilitoa moshi kidogo, ikanyamaza. Kwa siku kadhaa hapakuwa na kusaga, na mluzi ule ukapungua. Fundi aliusikia unapungua, akafurahi, lakini hakuunganisha hili na lile. Alichokiona yeye ni mke aliyerudia kufagia palipofagiliwa. Kwa hiyo akaibeba mashine mpaka kibandani, akaifungua, akabadilisha makaa ya mota yaliyolika, yale yapitishayo umeme, akasafisha meno ya kinu kwa mswaki, akatia grisi mpya. Alifanya kazi ile kwa moyo kuliko redio yoyote aliyopata kuitengeneza. Alipoirudisha, Bi Hamira alimkumbatia pale pale mbele ya mshona nguo, mpaka mshona nguo akageukia ukutani.

Haukupita muda, mshona nguo huyo akaja kibandani mbio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Shemeji, twende! Hapati pumzi!"

Walimkuta sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, midomo imebadilika rangi, unga umetanda hewani na mashine bado inanguruma. Hospitalini walimvalisha kinyago cha hewa. Alipotulia, daktari, dada wa makamo mwenye sauti ya chini, alisimama kando ya kitanda.

"Mama, tulikubaliana nini? Nilikukataza unga tangu ulipokuwa kazini. Nilikwambia mapafu yako hayaupokei tena. Ni nani aliyekurudisha?"

Fundi alikuwa amesimama pale, kucha zake bado zina grisi.

Walipofika nyumbani na mlango kufungwa, ndipo Fundi alipouliza. "Uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Ukaniambia miguu."

"Ningekwambia kifua, ungenitoa kazini siku hiyohiyo. Nilitaka niondoke kwa hiari yangu."

"Na mimi nikaitengeneza. Kwa mikono yangu miwili."

"Uliitengeneza vizuri sana," alisema Bi Hamira, akijaribu kumchekesha, lakini Fundi hakucheka. Mke akatazama viganja vyake. "Mikono hii huamka kabla yangu, Fundi. Inaamka inatafuta kazi. Wewe ukikatazwa redio utafanya nini?"

Fundi aliinuka akaenda jikoni. Alichomoa kinu, akabeba mashine na gunia la ngano, akavipeleka vyote kibandani. Bi Hamira hakumzuia. Wakala kimya, wakanywa chai kimya. Mzaha ulikauka nyumbani, na Fundi akaona kwamba anamwokoa mtu ambaye anazidi kutoweka mbele ya macho yake.

Alifikiri sana, kisha akamwendea daktari. Unga uliokwisha kulowana unaruka? Daktari akamtazama, akasema hauruki, lakini hatamdanganya: mapafu yale hayatarudi yalivyokuwa, na heri angekaa mbali na vyote. Fundi alichukua lile neno la kwanza.

Basi akawa anasagia kibandani, kitambaa usoni, redio za watu zimefunikwa magazeti. Wateja walilalamika kwamba taarifa ya habari inatoka na chenga. Akishasaga, humimina maji na hamira palepale, anakoroga, anafunika, anabadilisha shati, kisha analibeba donge mpaka nyumbani kama abebaye kitu cha kuvunjika. Siku ya kwanza Bi Hamira alifunua kitambaa, akalibonyeza donge kwa kidole, akamtazama mumewe.

"Fundi, hili ni zege. Tunajenga?"

Wakacheka mpaka kicheko kikamgeukia kikohozi, na Fundi akamshika mgongo kikapita.

Ilikwenda hivyo kwa msimu mmoja. Alikanda, kisha akawa anakanda ameketi, kisha Fundi akawa anakanda na yeye anaviringisha tu. Mwishowe alikuwa anaegemea mto, anapokea kipande kidogo, anakivutavuta kati ya vidole kuona kama kinavutika, na kutikisa kichwa ndiyo au la. Harufu ya mkate unaoiva ilianza nayo kumbana, wakawa wanauokea kwa mshona nguo. Hakuulalamikia ule ugonjwa. Mara moja tu alisema, macho yakiwa dirishani, "Nilidhani nitauchoka unga kabla haujanichoka."

Asubuhi moja Fundi alikuwa ameshakoroga, anangoja donge lipumzike, alipomwona mshona nguo anakuja. Safari hii hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea, tena polepole, na Fundi akavua kitambaa usoni, akaketi kwenye kibao chake kabla hajaambiwa lolote.

Alimzika mkewe kesho yake, na kibanda kikakaa kimefungwa. Alipokifungua, donge lilikuwa limeumuka likafurika bakuli, limetiririka mezani, likakaukia katikati ya skrubu na nyaya. Akachukua bisibisi na kuanza kulibandua, kipande baada ya kipande.

"Shemeji, niachie nikusaidie," mshona nguo alisema mlangoni.

"Hapana. Niachie mimi."

Kazi ile ilimchukua asubuhi nzima. Mteja mmoja alikuja na redio kwapani, akachungulia, akarudi nayo. Fundi aliziokota skrubu moja moja, akaziosha, akazianika kwenye gazeti. Adhuhuri alifunga, akapita dukani akanunua nusu mkate, akaula njiani, mkavu, akiwa amesimama.