Miguu ya Hosea na Mkate wa Pakiti

Arletha Boykin hakuwa mtu wa kuamini haraka. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka nje kwanza akaitazame mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha suruali pale Alabama, kwenye meza ya ukaguzi, akitafuta nyuzi zilizoachia. Alistaafu, lakini macho yake hayakustaafu. Kwa hiyo miguu ya mumewe ilipoanza kuvimba tena, ilhali jikoni kwake hakukuwa na hata punje ya chumvi, Arletha hakufikiria ugonjwa. Alimfikiria mtu.

Hosea alikuwa ametoka hospitali kiangazi kile, moyo umechoka, mwili umejaa maji. Nesi Pruitt aliwakalisha wote wawili akawaeleza kwamba chumvi ndiyo inayoyazuia maji yasitoke mwilini. Arletha alirudi nyumbani akaimwaga yote kwenye sinki. Mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa chumvi, aliozoea kuuchemshia sukuma wiki tangu alipoolewa, akaugawa kwa jirani. Kuanzia hapo sukuma ikapikwa kwa kitunguu na siki, maharage yakapikwa kwa maji na maombi. Hosea alikula kama mtu anayetumikia kifungo.

Maji yalipungua, mzee akachangamka. Halafu ukafika mwezi wa Novemba, vifundo vya miguu vikaanza tena kumezwa na uvimbe.

"Umekula wapi?" Arletha alimuuliza.

"Hapa hapa, mezani kwako. Hujaniona?"

"Nakuona unavyokula. Unadonoa kama ndege. Mtu mwenye njaa hadonoi."

"Basi sina njaa, mama. Nalo ni kosa?"

Arletha alimwondolea sahani. Siku hiyo, alipokuwa akitundika koti la mumewe, aliona chembe za njano zimenasa mfukoni. Akazinusa. Mkate wa mahindi, kitunguu, na seji, yale majani makavu ambayo kwao hayaendi ila kwenye mkate wa makombo unaoliwa pamoja na bata mzinga Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba. Pale mtaani, ukitaja seji na mkate wa mahindi umemtaja Verdell Stallworth, mjane, mpishi wa kanisa la Mlima Nebo. Na Verdell huyo, kabla Arletha hajaolewa, ndiye aliyekuwa akichukuliwa na Hosea kwenda dansi.

Jumamosi alimkuta jikoni kanisani na akina mama wengine, wanaosha mboga za sikukuu. Arletha hakuketi.

"Dada Verdell, siku hizi unampikia nani?"

"Nampikia Bwana na watu wake. Kuna nini?"

"Mume wangu ananuka jiko lako."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye sinki, hakuna aliyeyafunga. Verdell aliweka kisu chini.

"Arletha, mimi Hosea nilimwacha akiwa bado ana nywele. Leo nimtake wa nini, na miguu ile kama viazi vitamu?"

Akina mama walicheka mpaka wakashikana. Arletha hakucheka. Alifungua kitambaa alichozifungia, akamsogezea zile chembe. Verdell alizisugua kwa vidole, akanusa, akaweka moja ulimini. Papo hapo akaitema.

"Sasa umenitukana mara mbili," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Hii ni ya pakiti! Kitunguu cha unga, seji ya unga, na chumvi ya kutosha kukausha samaki. Mimi umeniona lini nikipika kwa pakiti? Toka jikoni kwangu."

Njia nzima Arletha alijiuliza kama ameambiwa ukweli au amepigwa chenga. Mwizi pia hujua kukasirika. Hata hivyo hakuingia nyumbani. Alizunguka nyuma kuitafuta hiyo pakiti, akausukuma mlango wa banda ambamo Hosea hutengeneza mashine za kukatia nyasi.

Hosea alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pakiti magotini, anatafuna makombo makavu ya mkate kama mtu anayekula karanga. Nyuma ya makopo ya oili zilichungulia pakiti nyingine.

"Nani kakupa?" Arletha alisema. Bado alikuwa anamtafuta mwanamke.

"Nani wa kunipa? Nimenunua mwenyewe dukani." Alijifuta mdomo. "Usinitazame hivyo. Chumvi sijagusa, niliapa na sijagusa. Huu ni mkate tu. Soma hapo: mahindi halisi, vitamini, madini ya chuma, mafuta kidogo. Ni kama dawa!"

"Hapo mbele ni matangazo. Geuza nyuma."

"Nyuma ni herufi ndogo, na miwani sina."

Arletha alikuwa nayo. Akaivaa, akasogea mlangoni penye mwanga. Cha kwanza kilichoandikwa kwenye viungo vya huo mkate wa mahindi kilikuwa unga wa ngano, mahindi yalifuata. Akaguna. Akashuka kwenye jedwali: nguvu, kalori mia na kitu; protini, gramu tatu; mafuta, gramu moja; sukari, mbili. Sodiamu, ambayo nesi aliwaambia ndiyo ile iliyo ndani ya chumvi, inayoshika maji mwilini, miligramu mia nne na ushee.

"Si umeona?" Hosea alisema. "Nesi kaniruhusu elfu mbili kwa siku. Mia nne ni nini?"

Arletha nusura amwamini. Lakini ilimsumbua ile mia nne, ilivyokaa kwa adabu. Akarudi juu kabisa, kwenye herufi ndogo.

"Hii ni ya fungu moja," alisema. "Pakiti ina mafungu sita." Akamimina fungu moja kwenye kifuniko cha kopo. Lilikuwa konzi moja tu. "Wewe unakula mangapi?"

Hosea alitazama viatu vyake.

"Mangapi, Hosea?"

"Mpaka iishe."

Pakiti moja, peke yake, ilipita kipimo cha siku nzima, kabla hajagusa sahani ya mkewe. Arletha aliegemea mlango.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Chakula chako siku hizi ni kama kulamba dirisha, Arletha. Lakini ulikuwa unahangaika mno. Ningeanzia wapi?"

Hasira ilimwisha. Wiki nzima alikuwa akimwazia mwanamke, kumbe mumewe alikuwa na njaa na anaogopa kusema. Alimpigia simu Nesi Pruitt siku ile ile. Hosea akaenda kupimwa, akaongezewa vidonge vya kupunguza maji.

Kazi ngumu ilikuwa kurudi kwa Verdell. Jioni ya Jumamosi ile ile alibisha hodi mlango wa nyuma wa nyumba yake, kama mtu aliyekuja kuomba.

"Nimekukosea, dada. Mbele ya watu."

"Na mbele ya watu utaomba radhi," Verdell alisema. "Kesho, baada ya ibada. Sasa ingia, lakini usiniguse vyombo."

Walipika pamoja mkate wa mahindi bila chumvi, wakaukausha, wakaukoroga na kitunguu cha kukaanga, pilipili manga na seji mbichi iliyochumwa nje. Mara nne Arletha aliuliza kama hamira ya kuumulia mkate ina sodiamu ndani, mpaka Verdell akamkabidhi pakiti na miwani.

Siku ya sikukuu Hosea alionja huku wanawake wawili wamemsimamia.

"Inataka chumvi," alisema, akasogeza sahani apakuliwe tena.

Kufika Krismasi miguu ilikuwa imepungua. Arletha hakupunguza ukaguzi. Dukani alisimamisha toroli katikati ya njia, akageuza kila kopo nyuma, akamsomea hata mtu asiyemjua, huku Hosea akiwaomba radhi waliokwama nyuma yao.